Nyaya mbili, haki sawa

Kabla hajagusa waya wowote, fundi huondoa katriji. Hulegeza kola iliyo kwenye ncha ya mkono wa gramafoni, akalivuta ganda polepole, akaifunika sindano kwa kofia yake ya plastiki, kisha akaliweka ganda zima ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na meza ya kazi. Sababu ni mita. Mita inapopima omu hutoa mkondo wake yenyewe wa umeme, na mkondo huo, ambao sisi hatuusikii hata kwenye ncha ya ulimi, unaweza kuiharibu koili ndogo iliyosukwa kwa waya mwembamba kuliko unywele. Kwa katriji za koili inayotembea hatari hiyo ni ya kweli. Iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ya sumaku inayotembea, ambayo ni ngumu zaidi, lakini fundi huyu hana taratibu mbili. Katriji hutoka kwanza, siku zote.

Karakana yake iko Majengo, Mombasa: chumba kimoja chenye dirisha pana na meza ndefu iliyotandikwa shuka jeupe. Shuka ni jeupe ili skrubu ikidondoka ionekane. Kazi yenyewe ilikuwa Technics SL-1200MK2, mtambo ulioingia sokoni mwaka 1979 na ambao ma-DJ wa dunia nzima waliufanya wao. Mwenye mali, mzee mkusanyaji wa santuri za taarabu na za dansi, alikuwa amelalamikia mvumo. Kila aliposhusha sindano, chini ya udi kulikuwa na sauti nzito isiyokatika, na ilizidi aliposogeza kiganja chake karibu. Fundi alishamtengenezea priampu mpya yenye milango ya XLR. Sasa ilibaki kuugeuza mtambo wenyewe ili uzungumze na priampu hiyo kwa balansi. Mpwa wake, binti anayejifunza kazi kwake, alikuwa ameketi upande wa pili wa meza na sinia la rezista, akiandaa priampu itakayofuata.

Ili kuelewa subira niliyoiona siku ile, lazima kwanza tujue ukubwa wa kitu kinacholindwa. Katriji ya sumaku inayotembea hutoa milivolti 3 hadi 5 hivi. Denon DL-103, katriji ya koili inayotembea iliyobuniwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK, hutoa milivolti 0.3. Betri moja ya saa ya ukutani ina volti 1.5, yaani mara 5,000 ya hapo. Priampu inalazimika kuikuza sauti ya katriji mara 100, na kwa zile za koili inayotembea mara 1,000, ndipo amplifaya ya kawaida iweze kuipokea. Tena haikuzi kila sauti kwa kiasi kimoja. Santuri inapokatwa, besi hupunguzwa ili mfereji usitanuke na kula nafasi, na inapopigwa besi hiyo lazima irudishwe; kanuni yake iliwekwa Marekani na chama cha kampuni za santuri, RIAA, mwaka 1954 na dunia nzima ikaifuata. Kwa kanuni hiyo, sauti ya herzi 50 hukuzwa karibu mara 7 zaidi ya sauti ya herzi 1,000. Na herzi 50 ndiyo kasi ya umeme wa majumbani mwetu. Uchafu wowote wa umeme wa ukutani unaodandia waya wa gramafoni hufika kwenye spika umepandishwa cheo na sheria ileile inayoturudishia besi.

Sasa, katriji yenyewe haina kosa. Ndani yake mna koili kwa kila chaneli, na koili ina ncha mbili tu. Nyuma hutokeza pini nne: nyekundu na kijani za kulia, nyeupe na buluu za kushoto. Hakuna kati ya hizo iliyozaliwa kuwa ethi. Ncha moja inapopanda, mwenzake hushuka kwa kiasi kilekile. Ni plagi ya RCA, ile tuliyoizoea nyuma ya kila redio, inayoufuta usawa huo: ncha moja hupewa waya wa kati, na nyingine hufungwa kwenye wavu wa shaba unaouzunguka. Wavu huo unafanya kazi mbili kwa pamoja, kurudisha muziki na kukinga uchafu, na kila uchafu unaoudaka huuchanganya na muziki. Katika balansi, ncha zote mbili hupewa nyaya zao za ndani, sawa kwa sawa, na wavu hubaki na kazi moja ya kukinga. Mvumo ukipenya, unaziingia nyaya zote mbili kwa kipimo kimoja. Ndugu wawili wakinyeshewa mvua moja wote hulowa, lakini aliyemzidi mwenzake urefu bado anamzidi kwa kiasi kilekile. Priampu ya balansi hupima tofauti ya urefu, maji haiyahesabu.

Watu wa redio walilijua hili zamani. EMT 930, mtambo wa Kijerumani wa katikati ya miaka ya 1950 uliotumika katika vituo vingi vya utangazaji, ulibeba priampu yake mwilini na kutoa sauti kwa laini ya balansi, kwa kuwa studioni waya hutembea mbali na hupita penye mengi.

Fundi aliondoa sahani, akafunga mkono kwenye kishikio chake, akatoa uzito wa nyuma, akaugeuza mtambo kifudifudi juu ya vipande viwili vya sponji. Kwenye karatasi alichora mstatili, na kila skrubu aliyoitoa aliichomeka mahali pake penyewe kwenye mchoro ule. Zina urefu tofauti, na ndefu ikiingia tundu la fupi hugusa isichopaswa kugusa. Kitako cha mpira kilipotoka, bodi ndogo ilionekana chini ya mkono, na hapo nyaya tano nyembamba zilizoshuka kutoka kwenye mkono zilikutana na waya mnene wa zamani. Hewa ya chumvi ya pwani ilikuwa imefika hadi humo. Shaba ya waya wa zamani ilikuwa imegeuka kijani kibichi sentimita kadhaa ndani ya ganda lake.

Hakukata kitu. Alichukua mita akaanza kuuliza. Ncha moja ya mita kwenye pini ndogo mbele ya mkono, nyingine kwenye bodi: mlio. Pini ya pili: mlio. Ya tatu, ya nne. Kisha akauliza maswali ambayo jibu lake sahihi ni kimya. Je, pini ya kijani imegusana na bomba la mkono? Kimya. Ya buluu je? Mita ikalia.

Alisogeza taa na lenzi. Kati ya vituo viwili vya bodi palikuwa na tone la risasi ambalo kiwanda hakikuliweka. "Kuna mwenzangu amepita hapa," alisema, na sauti yake haikuwa ya lawama. Alinieleza: waya mwembamba wa ethi wa mitambo hii hukatika, na fundi akiombwa suluhisho la haraka huunganisha ethi ya mtambo na njia ya kurudia ya chaneli moja. Kwa plagi za RCA hilo hufanya kazi. Kwa balansi limeharibu kila kitu, maana mguu mmoja wa koili umefungwa kwenye chuma na mwenzake uko huru. Mtu anaweza kufunga plagi ghali za XLR juu ya kosa hilo na asipate faida hata kidogo. Alilaza utepe wa shaba wa kunyonya risasi juu ya lile tone, akaukandamiza kwa chuma cha kulehemu, risasi ikapanda ndani ya utepe. Akauliza tena. Kimya. Akarudia maswali yote tangu mwanzo, hata yale yaliyokwisha kujibiwa.

Waya mpya ulikuwa wa aina ya maikrofoni: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, wavu wa shaba juu yake, na ganda laini. Msokoto huo una umri mkubwa. Alexander Graham Bell aliuombea hataza mwaka 1881, wakati laini za simu zilipoanza kuvuma kwa kupita jirani na nyaya nyingine za umeme. Nyaya mbili zikienda sambamba, mmoja daima uko karibu zaidi na chanzo cha uchafu. Zikisokotwa hupokezana: mara huyu karibu, mara yule, na mwisho wa safari zote zimepata fungu moja. Fundi alipima kipande cha waya kwa mita ya kapasita kabla ya kukikata, kwa sababu katriji za sumaku inayotembea hubadilika sauti waya ukiwa na pikofaradi nyingi. Kisha akakata chini ya mita moja. Mzee angependa waya mrefu wa kufika kabatini. Fundi alimshauri asogeze kabati.

Namna alivyomenya waya ndicho kitu nilichotamani wengi wakione. Hakuuzungushia kisu. Aliupinda, akagusa ubavu wa mpindo kwa wembe, na ganda lililokuwa limevutika likafunguka lenyewe. Akageuza kidogo, akagusa tena, mpaka mzunguko ukakamilika bila wembe kuufikia wavu. Mkato wowote kwenye wavu ni mlango. Kisha akachukua sindano ya kushonea, akaanza kuufumua ule wavu kutoka ukingoni, uzi kwa uzi, akizichana nyuzi zote upande mmoja. Hakukata hata moja. Alizisokota kuwa mshipi mmoja, akauvika neli ya plastiki. Nyaya mbili za ndani alizilaza kwenye rula na kuzikata kwa urefu mmoja, kisha akazigeuza na kuzipima tena kwa upande mwingine wa rula, asije akadanganywa na jicho.

Kulehemu kwenyewe kulikwisha haraka kuliko maandalizi. Risasi yake ni ile inayoyeyuka nyuzi 183, na hupita kutoka maji hadi chuma bila kukaa katikati. Chuma aliweka nyuzi 330. Alipangusa ncha kwenye sponji yenye unyevu, akagusa kituo cha bodi na waya kwa pamoja, akangoja kidogo, akapeleka risasi upande wa pili wa chuma, si juu ya chuma. Risasi ikakimbilia kwenye joto na kuukumbatia waya. Akaondoa risasi, akaondoa chuma, lakini mkono uliokuwa umeshika kibanio haukutikisika. Binti, aliyekuwa amekuja kutazama, aliinama akataka kupuliza.

"Usipulize, mwanangu. Liache lipoe lenyewe."

"Si litakauka haraka, mjomba?"

"Litakauka haraka na litapasuka ndani usikoona."

Kituo baada ya kituo: nyekundu na kijani kwa waya wa kulia, nyeupe na buluu kwa wa kushoto. Waya wa tano, ule wa bomba la mkono, aliuunganisha na mwili wa mtambo na mishipi miwili ya wavu, mahali pamoja, mbali na nyaya za muziki. Kisha plagi. XLR ina pini tatu, na mpangilio wake hauna mjadala tena: ya kwanza ni ya wavu, ya pili ni ya ncha inayopanda, ya tatu ya ncha inayoshuka. Nyekundu ikaenda pini ya pili, kijani ya tatu. Nyeupe ya pili, buluu ya tatu. Alizisoma rangi kwa sauti kabla ya kila mshono, na mpwa wake akazirudia.

Hapa niseme la moyoni, maana nimeona wengi wakipoteza fedha. Madukani kuna vigeuzi vidogo vinavyopokea RCA upande mmoja na kutoa XLR upande mwingine. Ndani yake pini ya tatu imefungwa na ya kwanza. Plagi imebadilika, umbo limependeza, na waya wa gramafoni umebaki vilevile ulivyokuwa. Balansi inaishi katika usawa wa njia mbili tangu kwenye koili mpaka kwenye transista ya kwanza, na kipande chochote kinachoupendelea upande mmoja huuvunja.

Ndiyo maana kazi ya yule binti ilikuwa nusu ya kazi yote. Katriji ya sumaku inayotembea hutaka kukutana na omu 47,000. Katika priampu ya balansi mzigo huo hugawanywa: nusu kutoka mguu mmoja hadi ethi, nusu kutoka mguu wa pili. Kila nusu yeye huitengeneza kwa rezista mbili za 47,000 zilizofungwa sambamba, ambazo kwa pamoja hutoa 23,500. Rezista za dukani zimeandikwa asilimia 1, yaani mbili zilizo kwenye mfuko mmoja zinaweza kupishana kwa omu mia kadhaa. Yeye hupima kila moja, huandika tarakimu zote kwenye kipande cha gundi ya karatasi, huibandika, na kuipanga kwenye sinia kutoka ndogo hadi kubwa. Baadaye huchagua jozi, hadi miguu miwili ilingane kwa sehemu 1 ya 1,000. Rezista iliyosalia bila mwenzake hurudi mfukoni kungojea mfuko mwingine.

Transista ni ngumu zaidi. Mbili za mlangoni ndizo zinazopokea ncha mbili za koili, na lazima ziwe pacha. Lakini volti ya transista hushuka milivolti 2 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto, na milivolti 2 ni karibu sawa na muziki wote unaotoka kwenye katriji. Vidole vya mtu vina joto. Kwa hiyo binti huzishika kwa kibanio cha mbao cha kuanikia nguo, huichomeka transista kwenye kifaa cha kupimia, huondoa mkono, na kungoja. Tarakimu kwenye mita huteremka, huteremka, kisha husimama. Ndipo anapoandika. Feni ya dari ilikuwa imezimwa kwa ajili ya vipimo hivyo, na sote tulitoka jasho bila mtu kulitaja. Pacha wakipatikana hugundishwa tumbo kwa tumbo, ili joto lolote liwapate pamoja.

Sakiti ya namna hii, ya wawili wanaogawana mkia mmoja na kukuza tofauti yao tu, iliombewa hataza mwaka 1936 na Mwingereza Alan Blumlein, wakati huo kwa vali za kioo. Huyohuyo, mwaka 1931, ndiye aliyeombea hataza sauti ya stirio, pamoja na njia ya kuchonga chaneli mbili kwenye kuta mbili za mfereji mmoja, kila ukuta umeinama nyuzi 45. Alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 38, ndege aliyokuwemo akijaribu rada ilipoanguka. Basi mfereji ule na sakiti hii, vilivyotenganishwa na sindano na mita moja ya waya, vilitoka katika kichwa kimoja, na kwangu hilo ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika historia ya ufundi wa sauti.

Jioni ilikuwa imeingia fundi alipolirudia kopo. Katriji nyingi za aina hii zina kibati chembamba kinacholiunganisha kasha la chuma na mojawapo ya pini, mara nyingi ile ya kijani. Kwa RCA ni jambo jema. Kwa balansi ni upendeleo mwingine. Mita hakuitumia, aliangalia kwa lenzi, akakiona, akakiinua kwa ncha ya sindano na kukitoa kwa kibanio. Kasha nalo hakuliacha bila ethi: alilizungushia uzi wa shaba hadi kwenye skrubu ya ganda, baada ya kuikwangua rangi kidogo, ili lipate ethi yake kupitia mkono. Akafunga kila kitu, akarudisha uzito, akapima mgandamizo wa sindano.

Jaribio la kwanza lilikuwa bila santuri. Mkono ukiwa juu, sauti ikafunguliwa hadi kiwango ambacho hakuna mtu angesikilizia muziki. Palikuwa na mchachato laini wa transista, basi. Alikaribisha kiganja kwenye ganda la katriji. Hakuna kilichoongezeka. Kisha akasogeza transfoma ya redio jirani na sindano, na mvumo ukasikika. Alifanya hivyo makusudi, ili mzee ajue mpaka wa dawa: sumaku inayoiingia koili yenyewe huzaa tofauti halisi, na priampu haina namna ya kuitenga na muziki. Mikwaruzo nayo itabaki, na vumbi. Transfoma ikae mbali.

La pili lilikuwa santuri ndogo ya zamani iliyorekodiwa mono. Mono ni hakimu mkali: chaneli zote mbili zina sauti ileile, hivyo zikichanganywa na mojawapo ikawa imepinduliwa, mwimbaji hutoweka karibu kabisa. Fundi alibonyeza swichi ya kuchanganya. Mwimbaji akasimama katikati ya spika mbili, imara. Ndipo mzee akapewa nafasi ya kuchagua, naye akatoa santuri ya Mzuri, lebo ya hapahapa Mombasa, taarabu ya udi. Kati ya pigo na pigo nilisikia waya wa udi ukififia hadi mwisho wake, kisha kelele za mfereji wenyewe, kisha pigo linalofuata. Baadaye alipiga "Sina Makosa" ya Les Wanyika, na fundi akasogea karibu na spika ya kushoto kusikiliza gitaa la besi, akatikisa kichwa kukubali, akaandika kitu.

Alichokuwa akiandika ni kipande cha karatasi chenye mpangilio wa pini, rangi nne za katriji, thamani ya rezista, na tarehe. Alikibandika ndani ya kitako cha mpira kabla ya kurudisha skrubu za mwisho kutoka kwenye mchoro. Kibati kile kidogo alikitia kwenye bahasha, akaifunga pamoja na waya wa zamani uliogeuka kijani, akamkabidhi mzee vyote viwili, endapo siku moja atauuza mtambo kwa mtu mwenye amplifaya ya RCA.

"Mwambie fundi wake asome kwanza kitakoni," alisema.